Fulana ya Storrs Katika Uwanja wa Dzaleka

Niliahidi katika safu hii kwamba nikirudi kutoka Malawi nitaandika habari za michezo ya vyuo kwa jirani zetu. Ahadi ni deni. Nalipa leo, ingawa nalipa kwa njia ya kuzunguka, kwa sababu habari niliyorudi nayo ilianza kwa fulana kuukuu.

Dzaleka ni makazi ya wakimbizi katika wilaya ya Dowa, yapata kilometa 45 kaskazini ya Lilongwe. Enzi za Rais Kamuzu Banda mahali hapo palikuwa gereza la wafungwa wa siasa, na wenyeji hulieleza jina lenyewe kuwa ni kauli ya mtu aliyekwisha kukomeshwa: "nitaacha." Tangu mwaka 1994 pamekuwa kambi. Ilikusudiwa kupokea watu kiasi cha 10,000 hadi 12,000. Leo wamo zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Ukitembea kati ya nyumba zile za matofali ya udongo husikii Kichewa sana, wasikia Kiswahili. Mwenzangu wa safari, sajini mstaafu aliyepata kutumika Kivu katika kikosi cha Umoja wa Mataifa kilichowaweka pamoja askari wa Tanzania, Malawi na Afrika Kusini kuanzia mwaka 2013, alikuwa akisimama kila baada ya hatua kumi kumwuliza mtu kwao ni wapi. Mara nyingi alikijua hicho kijiji.

Jioni tuliwakuta vijana wakicheza mpira wa kikapu. Mmoja wao, mrefu kupita wenzake, mwenye umri wa miaka 19, alivaa fulana ya buluu iliyopauka, yenye picha ya mbwa na neno UCONN. Mama yake aliinunua Lilongwe katika kaunjika, ndilo jina la mitumba huko. Mchezo ulipokwisha alitujia, akatusalimu kwa heshima, kisha akauliza huku akiivuta fulana kifuani, "Papa, hii UCONN ni kampuni ama ni mtu?"

Nikamjibu kwamba ni chuo kikuu cha Marekani, na kwamba kijana wa Dar es Salaam alipata kuivaa jezi yenye jina hilo mbele ya maelfu ya watu. Alitazama wenzake, wakacheka. Hapo ndipo tulipokaa juu ya matofali, nikaanza kusimulia.

Mchezo huu una tarehe ya kuzaliwa, jambo ambalo michezo mingi haina. Desemba 1891, mwalimu mmoja mzaliwa wa Kanada, James Naismith, aliagizwa na mkuu wake katika chuo cha YMCA mjini Springfield, jimbo la Massachusetts, abuni mchezo wa kuwashughulisha vijana ndani ya nyumba wakati wa baridi kali. Akatundika vikapu viwili vya matunda, akaandika kanuni 13. Mpira ulipoingia, ilibidi mtu apande kuutoa. (Wasomaji wetu wa jeshini huenda wakapenda kujua kwamba mwaka 1916 Naismith huyo alikuwa kasisi wa kikosi cha askari wa miguu cha Kansas kilichopelekwa mpakani mwa Mexico, na katika Vita Kuu ya Kwanza aliwahudumia askari huko Ufaransa.)

Jimbo la Connecticut limepakana na Massachusetts. Katika kijiji kiitwacho Storrs, mwaka 1881, ilifunguliwa shule ya kilimo kwenye ardhi iliyotolewa na ndugu wawili wa ukoo wa Storrs. Kwa wale wanaoijua Lilongwe, fikirini Bunda: mashamba, ng'ombe, na vijana waliokuja kujifunza udongo na mbegu. Ndivyo ilivyokuwa Storrs. Mwaka 1901 wanafunzi hao wa kilimo walicheza mchezo wao wa kwanza wa mpira wa kikapu, na wapinzani wao hawakuwa chuo kingine bali vijana wa shule ya sekondari ya Windham. Hakuna aliyedhani kwamba jambo kubwa limeanza. Chuo kilibadilishwa jina mara kadhaa, kikawa Chuo Kikuu cha Connecticut mwaka 1939. Yule mbwa wa nchi za barafu alichaguliwa kuwa alama ya timu katika miaka ya 1930, akapewa jina la Jonathan, kwa kumkumbuka gavana Jonathan Trumbull wa wakati wa vita vya uhuru wa Marekani.

Kwa muda mrefu timu hiyo ilikuwa hodari nyumbani tu. Mwalimu wake Hugh Greer, aliyeanza katika miaka ya 1940, aliipatia ushindi mwingi dhidi ya vyuo vya jirani, hata akafariki Januari 1963 msimu ukiwa katikati. Mwaka 1979 Connecticut ilijiunga na vyuo vingine kuanzisha ligi iitwayo Big East, na hapo ikakutana na wakubwa: Georgetown, Syracuse, St. John's. Ikawa kama mtoto wa kijijini aliyeingia shule ya mjini. Ilishindwa mara nyingi.

Mwaka 1986 akaja Jim Calhoun. Huyu nilimweleza yule kijana kwa kirefu. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka 15. Aliingia chuoni, akalazimika kutoka mapema ili awasaidie mama yake na ndugu zake, na miongoni mwa kazi alizofanya ilikuwa kukata mawe. Baadaye alirudi kusoma, akawa mwalimu wa michezo. Msimu wake wa kwanza Storrs, timu ilishinda michezo 9 ikashindwa 19. Mwaka 1988 ikatwaa kombe la NIT, ambalo ni la daraja la pili kwa heshima. Mwaka 1990 ukafunguliwa ukumbi mpya wa Gampel, na machi ya mwaka huo mchezaji Tate George alifunga dhidi ya Clemson ikiwa imebaki sekunde moja tu. Siku mbili baadaye Duke nao wakawafunga wao kwa namna ile ile, dakika ya mwisho kabisa. Ilichukua miaka 9 kulipa: mwaka 1999 Connecticut ikaishinda Duke 77 kwa 74, ikawa bingwa wa taifa.

"Miaka kumi na tatu," alisema sajini, akihesabu kutoka 1986. "Huyo alikuwa na subira ya askari wa lindo."

Ubingwa wa pili ulikuja mwaka 2004, na nguzo yake ilikuwa Emeka Okafor, mzaliwa wa Houston, wazazi wake Wanijeria. Okafor alimaliza shahada yake ya mambo ya fedha kwa miaka mitatu badala ya minne, na mwaka huo huo akatajwa kuwa mwanafunzi-mwanamichezo bora wa nchi nzima kwa masomo.

Ndipo nikafika kwa mtu wetu. Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam mwaka 1987, hakushika mpira wa kikapu hadi alipokuwa na miaka 15. Kwa wenzake wa Marekani huo ni umri wa mtu aliyekwisha kucheza miaka kumi. Alikwenda kumaliza sekondari Houston, akaingia Connecticut mwaka 2006, urefu wake futi 7 na inchi 3. Mwanzoni miguu na mikono haikuelewana. Lakini katika msimu wa 2008 hadi 2009 wastani wake kwa mchezo ulikuwa alama 13.6, mipira 10.8 iliyonaswa kutoka kwenye ubao, na mitupo 4.2 ya wapinzani iliyozuiwa. Alikuwamo katika mchezo ule wa Machi 2009 mjini New York dhidi ya Syracuse, uliokwenda nyongeza sita. Dakika 40 za kawaida, na nyongeza sita za dakika 5 kila moja: dakika 70! Syracuse wakashinda 127 kwa 117. Mwezi uliofuata Connecticut ilifika nusu fainali ya taifa, ikatolewa na Michigan State. Juni mwaka huo Thabeet akachaguliwa wa pili katika uteuzi wa NBA, akawa Mtanzania wa kwanza kufika huko. James Harden alichaguliwa nyuma yake, na Stephen Curry wa saba.

Kijana hakucheka tena. Aliuliza, "Alimaliza chuo?"

Nilisema kweli. Aliondoka baada ya mwaka wa tatu. Na ligi ya wakubwa haikumwendea kama ilivyotarajiwa. Alizunguka Memphis, Houston, Portland na Oklahoma City, akacheza NBA kwa mara ya mwisho mwaka 2014, kisha akaendelea kutafuta riziki ya mpira hata barani Asia. Mimi simlaumu. Mlango ukifunguliwa mara moja, si rahisi kumwambia kijana asubiri mwaka mmoja. Lakini katika historia ya Connecticut liko jambo lingine, na hilo ndilo lililomfanya yule kijana ainue kichwa.

Timu ilikuwa bingwa tena mwaka 2011. Mwaka uliofuata chama cha michezo ya vyuo, NCAA, kilikagua madaftari ya masomo ya wachezaji, kikakuta maendeleo yao yako chini ya kiwango. Adhabu: katika msimu wa 2012 hadi 2013 wasishiriki mashindano ya ubingwa, hata wakishinda kiasi gani. Calhoun alistaafu, nafasi yake ikachukuliwa na mwanafunzi wake wa zamani, Kevin Ollie. Baadhi ya wachezaji walihama. Waliobaki, mmojawapo Shabazz Napier, walicheza msimu mzima wa michezo 30 wakijua kwamba mwisho wake hakuna kombe. Mwaka 2014, adhabu ilipokwisha, waliingia mashindanoni wakiwa wamepangwa nafasi ya saba tu katika kundi lao, wakatoka mabingwa. Ollie naye aliachishwa kazi mwaka 2018. Chini ya Dan Hurley wakatwaa ubingwa mwaka 2023 na tena 2024, ikawa mara sita.

Sasa nieleze kwa nini kijana yule aliuliza habari ya kumaliza chuo. Tangu mwaka 2010 Majesuti wamekuwa wakifundisha masomo ya chuo kikuu ndani ya kambi kwa njia ya kompyuta, na wa kwanza walipata diploma mwaka 2013 kutoka Chuo Kikuu cha Regis, Denver. Ni masomo yasiyo na uwanja wala timu. Yeye amepata nafasi katika masomo ya namna hiyo. Papo hapo, mwalimu wa timu ya chuo kimoja cha Lilongwe alimwona katika mchezo wa kirafiki, akamwambia aje mazoezini mara mbili kwa wiki, naye atamsemea mwaka ujao.

Kilometa 45 si nyingi. Lakini Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi, Desemba 1987, iliweka masharti yake juu ya vifungu vya elimu, kazi na makazi, na mkimbizi atokaye Dzaleka hutakiwa kuwa na kibali. Mwaka 2023 serikali iliwarudisha kambini wale waliokuwa wakiishi Lilongwe. Kwa hiyo kila zoezi ni ombi la kibali, ni nauli ya basi dogo, na ni somo lililokoswa.

Mama yake alitukaribisha chai. Anauza mandazi kando ya njia, na mikono yake ilikuwa bado na unga. "Mimi nilinunua fulana tu, wala sikujua inakuja na maneno mengi hivi," alisema. Kisha akamgeukia mwanawe: "Viatu vyenyewe vimetoboka. Atakimbiaje na wale wa mjini?" Hakusema aende wala asiende.

Sajini alitaka kumshauri, nikamgusa goti anyamaze.

Tulipoaga, kijana alitusindikiza hadi barabarani. Njiani aliuliza tena yule Okafor alisoma nini, nikamwambia, mambo ya fedha. Akaniambia kwamba amekwisha kuomba kibali cha siku ya Alhamisi. Darasa lake nalo ni Alhamisi, saa tisa alasiri. Basi likaja, tukapanda. Yeye akabaki kando ya njia, mpira kwapani.