Uwanja si Mabaki ya Jengo

Msomaji kijana, ukipita Kiembeni asubuhi utaona vibao vya shule za chekechea vilivyopakwa rangi za kupendeza. Usiishie kwenye kibao. Chungulia ndani ya lango. Mara nyingi utakuta jengo limekula kiwanja, na ukanda uliosalia umefunikwa kwa saruji. Mti umekatwa ili majani yasichafue ua. Pembeni kimesimama chombo cha plastiki cha kutelezea, nacho adhuhuri huwa cha moto kama kikaango. Huo ndio uitwao uwanja wa michezo. Mimi nauita mabaki ya jengo.

Husemwa kwamba mzazi hulipa karo ili mwanawe asome, si acheze. Nimewahi kumsikia mwalimu akimkaripia mtoto kwa sababu ya mchanga magotini, kana kwamba mchanga ni dhambi. Lakini mtoto wa miaka minne achotaye mchanga kwa kifuu hujifunza wingi na uchache kabla ya kuzijua tarakimu. Apandaye gogo hujifunza kupima nguvu zake. Wachezao mdako hujifunza kuhesabu, kungoja zamu na kukubali kushindwa. Vidole vilivyofinyanga udongo hushika kalamu kwa uthabiti. Wahenga walinena, udongo uwahi ungali maji. Sisi twaumwagia saruji.

Mwaka 1837 Friedrich Froebel alifungua shule ya watoto wadogo huko Blankenburg, Ujerumani, na mwaka 1840 akaipa jina lenye maana ya bustani ya watoto. Tumeipokea shule yake, tukaiacha bustani nje ya lango. Tena, mchezo ni haki. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 waitaja katika kifungu cha 31, na Kenya iliuridhia mwaka 1990.

Watateta kwamba ardhi yetu ni mwamba mtupu. Basi na watazame jirani, Bamburi. Kiwanda cha saruji kilichimba matumbawe hapo hata pakawa jangwa jeupe. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda miti. Mingi ilikufa, lakini mivinje ilishika, na leo pale pana msitu uitwao Haller Park. Ikiwa machimbo ya saruji yaligeuzwa msitu, ua wa shule utashindwaje kuotesha mwembe mmoja, hasa katika mtaa ambao jina lake lenyewe lina embe ndani yake?

Wengine huogopa kwamba mtoto ataumia. Hofu hiyo ni ya haki, lakini saruji si dawa yake, maana ndiyo impasuayo goti. Dawa ni mchanga mwingi chini ya mahali pa kupandia, gogo lisilozidi kimo cha mtoto, kivuli, kichaka cha kujifichia, na mwalimu mwenye macho. Mchanga na ufunikwe usiku, paka wasiuchafue. Hayo hayahitaji utajiri, yahitaji nia.

Kijana, kesho utakuwa mzazi, mwashi au diwani. Siku utakapoletewa ramani ya shule, uliza kwanza uwanja uko wapi. Ukijibiwa kwamba utapatikana patakapobaki nafasi, irudishe ramani hiyo ikachorwe upya.