Seva mpya, kazi za usiku zile zile

Mwaka wa fedha ukianza Julai, simu yangu huanza kulia. Huyu anapiga kutoka mamlaka ya maji ya mji fulani, yule kutoka chama cha akiba na mikopo, mwingine hospitali. Habari ni ile ile: seva mpya imefika, leseni ya toleo jipya la kanzidata imelipiwa, sasa anatafutwa mtu wa kuhamisha vitu, ikiwezekana wikiendi moja, Jumatatu watu waingie kazini kama kawaida. Nikiuliza nani anazijua kazi za usiku, naambiwa kulikuwa na kijana mmoja wa IT, ila aliondoka zamani.

Kwa ambaye hajawahi kuingia chumba cha seva, nieleze ninachouliza. Ofisi ikifungwa, kompyuta kuu hailali. Saa nane usiku inafungua faili la malipo ya jana lililoletwa na benki, inapunguza madeni ya wateja, inawaingiza wanaodaiwa kwenye orodha ya kukatiwa huduma, inampelekea mhasibu jumla yake, kisha inaandaa faili la ujumbe wa simu. Asubuhi karani anakaa dirishani akiamini mfumo unajua kwamba jana ulilipa. Haujui lolote. Umeambiwa usiku, na aliyeandika maelekezo hayo pengine aliyaandika mwaka 2003.

Nyingi ya kazi hizo ninazokutana nazo zilizaliwa kwenye SQL Server ya Microsoft. Toleo la 7.0 la mwaka 1998 lilikuja na chombo kilichoitwa Data Transformation Services, mafundi wakakifupisha DTS. Kilikuwa chepesi mno kukitumia: unaweka kisanduku cha faili huku, kisanduku cha jedwali kule, unavuta mshale katikati, data zinapita. Penye ugumu unaandika mistari michache ya VBScript. Toleo la 2000 likaendelea nacho, na vijana wengi wa IT walijifunzia hapo. Mwaka 2005 Microsoft wakakiweka kando na kuleta Integration Services, chombo kingine kabisa, chenye utaratibu wake. Ili wateja wasikwame, waliruhusu kazi za zamani ziendeshwe ndani ya matoleo mapya kwa muda, na wakatoa programu ya kuzibadilisha. Zile nyepesi ilizibadilisha vizuri tu. Zile zilizojaa msimbo wa mkono, mara nyingi ilizifunga zilivyo ndani ya ganda jipya. Fundi anaripoti kuwa amehamisha, mkurugenzi anasaini, na ukilipasua ganda unaikuta DTS ile ile imekaa. Toleo la 2012 lilipokuja, ruhusa hiyo ikafutwa. Aprili 2013 msaada wa toleo la 2000 lenyewe ukafika mwisho.

Lakini kuna seva za enzi hizo ambazo bado zinanguruma kwenye pembe za ofisi, na wakubwa wanazitetea kwa swali moja: si zinafanya kazi? Zinafanya, sikatai. Ila Januari 25, 2003, kirusi kilichoitwa Slammer, kidogo cha baiti 376, kiliingia kwenye SQL Server 2000 na ndani ya dakika kama 10 kilikuwa kimeshazifikia nyingi ya seva zilizokuwa wazi duniani. Maelfu ya mashine za ATM za Bank of America ziligoma kutoa fedha. Na wakati huo dawa ilikuwepo tayari, Microsoft walikuwa wameitoa Julai 2002, watu tu hawakuiweka. Leo likigundulika tundu jipya kwenye toleo hilo, hakuna atakayeliziba. Kwa hiyo mimi ni wa upande wa kuhama. Ninachogombana nacho ni hii tabia ya kulipia mashine bila kulipia muda wa kuzisoma kazi zinazohamishwa.

Katika mamlaka moja ya maji, ambayo sitaitaja, tulikuta ndani ya kazi ya kuandaa orodha ya wadaiwa mstari mmoja wa VBScript usiokuwa na maelezo yoyote: mteja ambaye namba yake inaanza na 9, mruke. Hakuna aliyejua kwa nini. Kitengo cha IT hawajui, uhasibu hawajui, na kijana aliyetumwa na mkandarasi alikuwa ameshaamua kuufuta, maana kwake ulionekana kama mlango wa wizi: wateja wasiotokea kamwe kwenye orodha ya wadaiwa! Ungekuwa wewe ungefikiria hivyo hivyo. Nikashuka hadi dirisha la malipo, kwa mama mmoja aliyekuwa amekaa pale muda mrefu kuliko wote.

"Shikamoo mama. Eti namba zinazoanza na tisa ni za akina nani?"

"Marahaba mwanangu. Hizo tisa ni magati."

Magati ya kuchotea maji, mabomba ya mtaani. Mteja anayeandikwa kwenye mfumo ni mtaa wenyewe, na deni lake hufuatiliwa kwa mkono na ofisa mwingine kupitia kamati ya maji. Mstari ule ukifutwa, gati linaingia kwenye orodha ya kukatiwa kama nyumba ya mtu mmoja, na mtaa mzima unaamka na ndoo tupu. Ulikuwa ni uamuzi wa menejimenti, uliofanywa na watu waliokwishahama au kustaafu, na nakala zake zilizosalia zilikuwa mbili: moja ndani ya DTS, nyingine kichwani mwa mama wa dirishani. Nani alimwita kwenye kikao cha kuhamisha mfumo? Hakuitwa.

Wahasibu wetu wanapenda kusema mali bila daftari hupotea bila habari. Hizi kazi za usiku ni daftari, tena ndilo linalofuatwa kuliko mwongozo uliochapwa na kuwekwa kabatini. Mwongozo unasema kila mdaiwa akatiwe. Kazi ya usiku inasema isipokuwa tisa.

Upande wa mashine nao una mitego yake, na iliyo mibaya ni ile isiyopiga kelele. Chukua malipo ya 5/8. Kwetu hiyo ni tarehe tano Agosti. SQL Server inaisoma tarehe iliyoandikwa namna hiyo kwa kufuata lugha aliyowekewa mtumiaji anayeingia, na asipowekewa, mara nyingi inachukua Kiingereza cha Marekani, ambako mwezi hutangulia. Kwenye seva ya zamani mtu aliweka Kiingereza cha Uingereza, hakuandika popote. Kwenye seva mpya hakuna aliyekumbuka. Malipo ya tano Agosti yanaingia tarehe nane Mei, kimya kimya. Yale ya tarehe 13 na kuendelea yanakataliwa, kwa kuwa hakuna mwezi wa 13, na hapo ndipo watu wanapoanza kupigiana simu. Hesabu mwenyewe: seva ikiwashwa tarehe mosi, ofisi inaweza kula karibu wiki mbili ikijipongeza.

Au namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa. Ina tarakimu 20. Ukiipitisha kwenye Excel ikachukuliwa kuwa namba, Excel inashika tarakimu 15, tano za mwisho zinageuka sifuri, na ghafla watu wengi waliozaliwa siku moja wanafanana. Ukitaka kuiingiza kwenye SQL Server kwa aina ya namba nzima iliyo kubwa kuliko zote, haiingii, ukomo wake ni tarakimu 19. Lazima itunzwe kama maandishi. Namba ya simu nayo, ile 07, ikipita kwenye Excel inapoteza sifuri ya mbele. Mwandishi wa kazi ya zamani alilijua hilo, akaweka mstari wa kuirudisha. Kazi mpya ikiwa inaitunza sifuri vizuri, na mstari ule nao ukahamishwa bila kusomwa, mteja anaandikwa simu ya 007. Ujumbe wa deni lake hautafika, labda kama James Bond amehamia Mbagala.

Kuna mengine madogo nitayapita. Integration Services, usipobadilisha mpangilio wake wa kuanzia, hufunga nywila ya kazi kwa ufunguo wa aliyeitengeneza. Fundi akiiendesha mwenyewe mchana inakwenda vizuri, usiku ikiendeshwa kwa akaunti ya seva inakufa. Seva ikiwa kwenye wingu, mara nyingi saa yake ni ya UTC, iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu, kwa hiyo kazi ya saa nane usiku inaamka saa kumi na moja alfajiri, na ikiwa ndefu itakuwa bado inapumua makarani wakifungua dirisha.

Anayedhani haya ni ya ofisi zetu maskini atazame Uingereza. Kati ya Septemba 25 na Oktoba 2, 2020, katikati ya Uviko, wagonjwa 15,841 hawakuingia kwenye takwimu za kila siku. Maabara zilikuwa zinatuma mafaili yao vizuri. Yaliyofeli ni maungio ya katikati: Public Health England waliyapakua mafaili hayo ndani ya Excel ya muundo wa zamani, XLS, ambayo karatasi yake ina mistari 65,536 tu. Iliyozidi ilikatwa. Wagonjwa wenyewe walipata majibu yao, ila majina yao yalichelewa kuwafikia wanaofuatilia waliokutana nao. Hakukuwa na mdukuzi wala seva iliyoungua. Kulikuwa na kazi ya kuhamisha data iliyojengwa juu ya kitu cha zamani, na hakuna aliyeipima kwa wingi wa data za wakati ule.

Huko huko Uingereza, Aprili 2018, benki ya TSB iliwahamisha wateja wake wapatao milioni 5 kutoka mifumo ya benki ya Lloyds kwenda mfumo mpya ndani ya wikiendi moja. Data zilihama salama, wasimamizi wa sekta ya fedha walikiri hivyo. Lakini mfumo uliotakiwa kuzitumia ulianguka, na hadi wateja milioni 1.9 walijikuta nje ya akaunti zao. Desemba 2022 benki ilitozwa faini ya pauni milioni 48.65. Mwaka uliofuata aliyekuwa mkuu wa teknolojia wa benki hiyo, Carlos Abarca, alitozwa yeye binafsi pauni 81,620, kwa kutosimamia ipasavyo jinsi benki ilivyomtegemea mtoa huduma wake. Natamani wakurugenzi wetu wasome hiyo hukumu, maana hapa kwetu mambo yakiharibika mkurugenzi anasema ni mkandarasi, mkandarasi anasema ni data chafu, na mteja anaambiwa mtandao uko chini.

Ninachodai ni hiki. Zabuni ya seva au ya toleo jipya isitangazwe kabla ofisi haijaandika orodha ya kazi zake zote za usiku, na mbele ya kila kazi jina la mtu aliye hai na aliye kazini anayeipokea. Mkurugenzi aisaini, siyo kijana wa IT. Zoezi hilo peke yake litafuta kazi nyingi: nimewahi kuikuta moja ikituma ripoti kila usiku kwa ofisa aliyekwishastaafu, kwenye barua pepe ambayo hakuna aliyekuwa na nywila yake. Kwa nini tuipe nyumba mpya? Zinazobaki zisomwe mstari kwa mstari, na anayesoma akae na watu wa dirishani, wa maabara, wa stoo. Kila sharti la ajabu, kama lile la tisa, liandikwe kwa Kiswahili cha kawaida ambacho mhasibu anaweza kukikubali au kukikataa.

Halafu ziendeshwe mbili, ya zamani na mpya, usiku ule ule kwa faili lile lile, na asubuhi jumla zilinganishwe hadi senti. Lazima zivuke tarehe 13. Lazima zivuke mwisho wa mwezi, siku mishahara inapopita na watu wanapolipa kwa wingi. Kwa ofisi ya serikali ningesema zivuke hata Juni 30, ila najua nitaonekana mkorofi.

Nimeshajibiwa kwamba hiyo ni anasa, kwamba fedha ya mradi lazima itumike kabla haijarudi Hazina. Naelewa shinikizo hilo. Lakini tarehe za matoleo si siri: msaada wa SQL Server 2014 ulikoma Julai 9, 2024, na wa toleo la 2016 umepangiwa Julai 14, 2026, isipokuwa kwa atakayelipia nyongeza. Zote zinatangazwa miaka mingi kabla. Ofisi inayoshtuka Juni imeshtuka kwa hiari yake, na kusoma kazi za zamani hakuhitaji seva mpya. Kunaweza kuanza wiki hii kwa karatasi, kalamu na posho ya chai.

Mkandarasi akisema usomaji huo haumo kwenye bei yake, autie, na seva ipunguzwe ukubwa ili fedha itoshe. Nyingi ya hizo tunazoagiza zina nguvu kuliko mahitaji yetu.