Kofia ya Kumridhisha Afande

Kigali karibu hakuna abiria wa pikipiki asiye na kofia kichwani. Mgeni akitoka Dar es Salaam, Kampala au Goma hushangaa: motari mmoja, yaani dereva wa pikipiki, abiria mmoja, vichwa viwili vimefunikwa, kupakiana mishikaki hakuna. Hupiga picha, akarudi kwao kusimulia jinsi Wanyarwanda walivyo na nidhamu. Mimi nasema sifa hiyo sasa inatuua. Imetulevya kiasi kwamba hatuulizi tena swali linalofuata: hiyo kofia imefungwa?

Nenda kasimame kando ya barabara ya KG 7 hapa Kacyiru, asubuhi, watumishi wa wizara wanapomiminika kazini. Acha kutazama vichwa, tazama videvu. Mikanda inaning'inia. Mmoja hauna kifungio, umepigwa fundo na kamba. Mwingine umekatika kabisa, na aliyekatikiwa hajali. Bwana mmoja kofia imemwelea hadi kwenye nyusi. Dada aliyesuka juzi imemkalia juu ya nywele kama kifuniko cha sufuria. Wote wawili wanaishikilia kwa mkono mmoja upepo usiipeperushe, mkono wa pili uko kwenye simu. Sasa niambie: kofia inayotishiwa na upepo itabaki vipi kichwani siku pikipiki itakapokita kwenye ubavu wa gari na abiria akarushwa mbele?

Haitabaki. Itatangulia yenyewe, kichwa kifuate kikiwa kitupu.

Helmeti, au kasike kama tunavyoiita mitaani hapa, haimlindi mtu kwa ugumu wake tu. Ganda la nje hutawanya kishindo, lakini kazi kubwa hufanywa na lile povu gumu la ndani ambalo wengi hatujawahi kulitazama. Kichwa kikigonga lami, povu hubonyea, na katika kubonyea huko humeza nguvu ambayo vinginevyo ingeufikia ubongo. Likishabonyea halirudi. Kwa hiyo helmeti iliyowahi kupata ajali moja kubwa imekwisha kazi, hata ukiipaka rangi mpya na kubandika namba inayong'aa. Na povu hilo halina maana yoyote kama halikukaa sawasawa kichwani, likibana mashavu, mkanda umekazwa chini ya kidevu. Kofia ya pili anayobeba motari wetu huvaliwa na kila kichwa, kikubwa na kidogo. Huning'inizwa juani kutwa nzima na hudondoka chini mara kwa mara. Nani amewahi kufungua kitambaa chake cha ndani akaangalia kama povu bado lipo?

Wala hili si jambo jipya lililogunduliwa juzi. Mei 1935, T. E. Lawrence, yule aliyejulikana kama Lawrence wa Arabuni, alianguka na pikipiki yake huko Uingereza, kichwa wazi, akafa baada ya siku chache. Mmoja wa madaktari waliomhudumia, mpasuaji wa ubongo Hugh Cairns, hakutulia. Alichunguza vifo vya wapeleka ujumbe wa jeshi waliotumia pikipiki, na mwaka 1941 akachapisha alichokiona kuhusu faida ya kofia. Mwaka huohuo jeshi la Uingereza likawaamuru wapeleka ujumbe wake wavae. Mwaka 2008 uchambuzi wa Cochrane uliokusanya tafiti nyingi ulikadiria kwamba helmeti hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Hesabu hizo ni za helmeti iliyovaliwa. Iliyowekwa kichwani ili askari wa kona asipulize filimbi haimo.

Hapo ndipo penye ugomvi wangu. Sheria yetu inataka kofia, na tumeitii kwa jicho la askari. Makao makuu ya Polisi ya Taifa yako hapahapa Kacyiru. Hospitali ya King Faisal iko kwenye kilima hikihiki. Anayekataza na anayetibu ni majirani, na kati yao pikipiki zinapita mchana kutwa zikiwa na mikanda inayopepea. Tangu mwaka 2019 tunasikia kampeni ya Gerayo Amahoro, ufike salama, na siibezi: imezungumza na madereva, wanafunzi, waumini makanisani na misikitini. Kamera za barabarani, Sofia kama tulivyozibatiza wenyewe, zimewafundisha watu kuheshimu mwendo kuliko hotuba zote. Lakini Sofia anasoma kasi na namba ya gari. Kidevu cha abiria hakioni. Kinahitaji jicho la mtu na mkono wa mtu.

Najua nitakachojibiwa. Abiria atasema kofia inanuka, ina jasho la wenzake kumi, itamwambukiza mapunye, itamharibia nywele. Ni kweli inanuka. Basi nunua yako! Mtumishi anayepanda pikipiki mara mbili kila siku ya kazi, aliyekopa benki anunue simu ya kuonyesha watu mkahawani, anashindwaje kununua helmeti inayomkaa na kuitundika kwenye kiti cha ofisi? Aibu inatoka wapi? Na atakayesema "ajali haina kinga" amekwishajibiwa na Cairns tangu 1941.

Kwa motari nitapunguza ukali, maana namjua adui yake. Januari 2022 wamotari waliziba barabara za Kigali wakilalamikia mubazi, ile mita ya nauli, pamoja na gharama za bima. Kijana huyu ana rejesho la pikipiki na bima ya kulipa, tena ana watoto nyumbani. Ukimwambia anunue helmeti mbili bora na kuzibadilisha kila zinapoanguka, atakuitikia "ndiyo, mkubwa" kisha ataingia sokoni kutafuta ganda la plastiki la bei ya chini linalofanana nayo. Ndivyo ilivyotokea Vietnam. Desemba 15, 2007 nchi ile ililazimisha kila mpanda pikipiki avae helmeti, na uvaaji ukapanda ukapita asilimia 90. Ni moja ya kazi nzuri kuliko zote za usalama barabarani duniani. Lakini masoko yakafurika kofia bandia zilizofaa kumpita askari tu, na serikali ikajikuta inapigana vita ya pili, ya ubora na ya mikanda. Sisi tumeshinda vita ya kwanza, tukasherehekea, tukaenda kulala.

Zana za vita ya pili tunazo. Mradi wa helmeti wa Tuwurinde umeifikisha nchi kwenye kuzungumzia viwango na upimaji wa helmeti. Sawa. Lakini kiwango kilichoandikwa hakimfikii motari wa mtaa wa Kinamba chenyewe. Lazima kipelekwe mahali anapopita kila siku. Mahali hapo papo, ila hatujapatumia. Tangu Januari 2025, pikipiki mpya za abiria zinazosajiliwa Kigali ni za umeme tu. Motari wa umeme hana budi kupita kituo cha kubadilisha betri, na wengi hupita zaidi ya mara moja kwa siku. Anaingia na betri iliyokwisha, anatoka na iliyojaa, dakika chache tu. Palepale mtu angeweza kuigeuza kofia, kubonyeza povu, kuvuta mkanda, na iliyopasuka ikabaki kituoni, motari akaondoka na nzima. Tumeweza kubadilisha injini yote iliyo chini ya makalio ya abiria. Kilicho juu ya kichwa chake tumekiacha kama kilivyokuwa.

Nani alipe? Makampuni ya bima. Ndiyo, yaleyale yanayolia kwamba pikipiki zinayatia hasara. Yanakusanya fedha za bima kwa kila pikipiki ya abiria, kisha yanakaa kusubiri fuvu lipasuke ndipo yaanze kubishana juu ya fidia. Cheti cha bima kitoke pamoja na helmeti mbili zilizopimwa, namba zake zikiandikwa kwenye cheti, na zibadilishwe bure zikipata ajali. Mtu akivunjika mguu kwenye mteremko wa kushuka Kinamba hupona akarudi kazini. Aliyeumia ubongo huhitaji kulishwa, kuoshwa na kulindwa na mkewe au mama yake kwa miaka, na hakuna bima inayomlipa mama huyo mshahara.

Wapo watakaosema haya yanataka muda, tafiti na kamati. Mwaka 2020, pikipiki za abiria ziliporuhusiwa tena baada ya kusimamishwa kwa ajili ya corona, kila motari alikuwa na chupa ya dawa ya kunawia mikono. Hatukusubiri kizazi kipya kizaliwe. Nchi iliyopiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, ikawapekua wasafiri mipakani ikiitafuta mfuko kwa mfuko, leo inashindwa na mkanda wa kidevu?

Kwa hiyo nakuomba wewe, afande wa Kacyiru, si mkubwa wako. Kesho asubuhi usihesabu kofia. Simamisha pikipiki, msalimie abiria kwa heshima, kisha uuvute mkanda wake kwa vidole viwili. Kama haukufungwa, abiria ashuke na alipe faini yeye, si motari peke yake. Kama hauna kifungio, kofia hiyo ichukuliwe isirudi barabarani. Na aliyemuuzia motari ganda la plastiki akiliita helmeti atafutwe dukani kwake, afunguliwe mashtaka.