Jino Lisilojibu Si Lazima Liwe Limekufa

Mtoto wa miaka minane akianguka na kugonga jino la mbele, daktari wa meno hukabiliwa na swali moja: je, jino hilo li hai au limekufa? Jibu ndilo huamua kama litaachwa lipone, litatobolewa ili mzizi usafishwe, au litang'olewa. Kwa maoni yangu, namna tunavyolitafuta jibu hilo ni suala la sera, wala si la madaktari peke yao.

Vipimo vilivyozoeleka ni vya baridi, joto na umeme hafifu. Vyote huuliza kama mgonjwa anahisi. Yaani, hupima neva. Lakini kinacholiweka jino hai ni damu inayoingia kupitia ncha ya mzizi. Baada ya ajali, neva inaweza kuzimia kwa wiki kadhaa, hata miezi, ilhali damu inaendelea kutiririka. Isitoshe, jino la mtoto ambalo mzizi wake haujakomaa huwa na neva zisizokamilika, hivyo huweza kunyamaza likiwa zima. Aidha, vipimo hivi hutegemea kauli ya mgonjwa, na mtoto mwenye hofu husema "naumia" hata kabla ya kuguswa.

Kipo kifaa kinachouliza swali lililo sahihi zaidi. Kipima oksijeni, kile kinachobanwa kidoleni, kilitokana na ubunifu wa mhandisi Mjapani, Takuo Aoyagi, katika miaka ya 1970. Hupitisha mwanga mwekundu na mwanga wa infraredi, kisha hupima jinsi damu inayodunda inavyoufyonza. Watafiti wameonyesha kwamba, kikiwekewa kishikio kinacholienea jino, kinaweza kutambua damu iliyomo ndani yake bila kumuumiza mgonjwa wala kumuuliza lolote.

Wapo watakaosema kuwa hii ni anasa kwa hospitali inayohangaikia dawa ya ganzi. Hoja yao ina uzito, lakini vipima oksijeni si vigeni kwetu. Vimo katika orodha ya usalama wa upasuaji iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2008, na UVIKO-19 ilivifikisha hata majumbani. Kinachohitajika zaidi ni kishikio cha jino, kazi ambayo wahandisi vijana wa vyuo vyetu wanaweza kuijaribu wakishirikiana na wataalamu wa meno wa Muhimbili.

Sidai kwamba kifaa hiki ni mwarobaini. Husumbuliwa na mwanga wa chumba, mtikisiko wa mgonjwa na damu ya fizi, na jino lililovikwa kofia huzuia mwanga kupita. Kitumike pamoja na picha ya eksirei na uchunguzi wa daktari.

Hata hivyo, tatizo letu ni pana kuliko kifaa. Tumezoea kupima kilicho rahisi kupimika, kisha tukakiita ukweli. Watumishi wa umma mnaonisoma, fungueni taarifa za vituo vyenu mjiulize: zinaonyesha meno mangapi yameokolewa, au zinahesabu tu yaliyong'olewa? Nanyi wanafunzi wa uhandisi, mradi wa mwaka wa mwisho ndio huo. Jino la kudumu likishang'olewa halioti tena, na mtoto yule ataishi na pengo hilo maisha yake yote.