Etna Si Mlima wa Kuchezea

Wako wanaowacheka Wagiriki wa kale, eti walikuwa washamba. Waliamini kwamba Zeus alilifukia jitu liitwalo Typhon chini ya Mlima Etna, kule kisiwani Sicily, Italia, na kila likijigeuza ardhi hutetemeka na moto hutoka. Mimi siwacheki ng'o! Hawakuwa na mitambo ya kupima tetemeko, lakini walijua barabara kwamba aliye chini hajafa.

Mtalii wa siku hizi je? Anapandishwa kwa kigari cha waya, anapiga picha, kisha anataka kusogea zaidi. Mwaka wa 1979 mlipuko wa ghafla kwenye shimo la kileleni uliwaua watalii 9. Tarehe 2 Juni 2025 wingu la majivu na mawe ya moto liliporomoka mlimani, watu wakatimua mbio. Bahati nzuri hakuna aliyekufa.

Sisemi watu wasiende. Hata mimi nikipewa nauli leo (na nani, jameni?) nitaenda. Lakini kiongozi akisema mwisho ni hapa, basi ni hapa, hata kama kilele unakiona pale pale na pesa ulishalipa.