Kabla ya Kuchagua Rangi ya Chumba cha Kulala

Mtoto anapotarajiwa nyumbani, wengi hupaka chumba cha kulala upya. Hubishana kama ni samawati au waridi. Kwa maoni yangu, ubishi huo ungengoja. Uliza kwanza kuna nini ndani ya mkebe, na kuna nini ukutani.

Rangi nyingi za mafuta za zamani, hasa za manjano na nyekundu, zilitiwa madini ya risasi ili zikolee, zikauke upesi na kudumu. Shirika la Afya Duniani (WHO) lasema hakuna kiwango cha risasi kilicho salama. Huharibu ubongo wa mtoto, mara nyingi bila dalili, na humfikia hata angali tumboni.

Hatari kubwa ni vumbi. Fundi asipige msasa mkavu kwenye rangi kuukuu; ailoweshe kwanza. Mama mjamzito na watoto walale kwingine hadi kazi iishe na sakafu ipigwe deki. Unaponunua, kumbuka kiwango cha juu kinachoruhusiwa humu nchini ni sehemu 90 za risasi kwa milioni. Mwenye duka akuonyeshe maandishi mkebeni. Mpangaji naye ana haki ya kumuuliza mwenye nyumba.

Samawati au waridi? Hilo sasa ni lako.