Foxwoods, anzeni na chumba cha poka

Wengi wanaofika kasino ya Foxwoods, kule Connecticut, huishia kwenye mashine za kamari. Nawasihi mpite kwanza chumba cha poka. Kwenye mashine au ruleti unashindana na kasino yenyewe, na hesabu imepangwa ielemee upande wake. Kwenye poka unashindana na wenzako wa meza moja. Kasino hukata ada yake kidogo kidogo kwenye pesa zinazowekwa katikati. Msiidharau ada hiyo, ukikaa saa nyingi inakula. Mchezo wenyewe, Texas Hold'em, si mgumu kuuelewa: kila mtu ana karata mbili za siri, na tano hufunuliwa mezani kwa ajili ya wote. Kazi ni kujua lini uzitupe zako, na hilo ndilo linalowashinda wageni. Tazameni kwanza, kisha mkae na pesa ambayo ikienda yote, kodi ya nyumba haiguswi.

Halafu, tafadhali, msiondoke bila kuingia makumbusho ya wenyewe. Kasino hii ni mali ya kabila la Mashantucket Pequot, watu waliokaribia kufutwa kabisa na vita vya Waingereza mwaka 1637. Serikali ya Marekani iliwatambua rasmi 1983. Wakaanza na ukumbi wa bingo 1986, kasino ikafuata 1992, na mwaka 1998 wakafungua makumbusho hayo. Inaniuma kuona mabasi yakishusha watu na kuwapakia tena bila hata mmoja kuuliza jina la wenye ardhi.